Mechi Tatu na Goli la Upande wa Migomba

Wanangu, kazi yangu ilikuwa kuwafukuza vijana wa umri wenu. Nasema mapema ili anayetaka kuondoka aondoke. Sikuwa polisi wala mkuu wa shule. Nilikuwa mpimaji wa wachezaji wapya katika timu ya mpira wa kikapu pale Nyamiaga, na kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye niliyeandika kwenye daftari kama mgeni abaki au afunge begi lake. Ndiyo maana mpaka leo Ngara mjini wananiita Mama Daftari, hata watoto wadogo ambao hawajui daftari lenyewe lilikuwa la nini.

Juzi mmoja wenu, jina namsitiria, alinisimamisha sokoni nikinunua maharage. Shikamoo yenyewe aliitoa nusunusu, macho yakiwa kwenye simu. Akanionyesha kijana wa ligi ya Marekani, mrefu hadi kichwa kinatoka nje ya kioo, ambaye amecheza mechi nne tu tangu asajiliwe.

"Mama Daftari, huyu si ameshafeli?"

Nikamuuliza yeye ana muda gani tangu afungue kibanda chake cha kutengeneza simu. Akasema mwaka wa pili. Nikamuuliza kama kimeshaanza kumlipa.

"Bado, mama. Biashara inataka muda."

Nikachukua maharage yangu nikaondoka. Lakini njiani sikuwa na amani, kwa sababu swali lake lilikuwa swali langu. Mimi nililiuliza kwa miaka yote hiyo, tena nikalijibu kwa wino.

Timu yetu ilikuwa ya kulipwa. Msicheke. Mchezaji alipewa kitanda, chakula na posho, na siku ambazo hakuna mazoezi alifanya kazi kwenye gereji ya Mwenyekiti huko Lusahunga, akifunga na kufungua matairi ya malori yanayokwenda Rusumo. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Bugingo, mwenye malori na nyumba ya kulala wageni. Mpira wa kikapu aliujulia kwenye runinga ya nyumba yake hiyo, akiwa amekaa na madereva wake, na kutoka hapo alijua mambo mawili: kwamba mchezaji awe mrefu, na kwamba awe na haraka.

"Lori jipya ukilipakia mzigo leo, leo hii linaondoka," alikuwa anatuambia kwenye kikao. "Sijawahi kuona lori linaloomba msimu mmoja wa kuzoea barabara."

Basi kamati ikapitisha kanuni: mgeni apewe mechi tatu. Zikiisha tatu hajaonyesha kitu, aende kwao. Na mechi zote tatu zichezwe nyumbani, Nyamiaga, kwa sababu wanakamati hawakupenda kusafiri. Tena katika hizo tatu walikuwa wanatazama kipindi cha kwanza tu, maana ikifika mapumziko nyama ya mbuzi ilikuwa imeiva nyuma ya ukuta na rubisi, pombe yetu ya ndizi, imeshamiminwa. Kwa hiyo mustakabali wa kijana wa watu uliamuliwa kati ya filimbi ya kwanza na harufu ya mbuzi. Wakirudi, wakijifuta midomo, walikuwa wananiuliza, "Mama, umeandikaje?" Nami nilikuwa nimeshajua wanachotaka niandike.

Kabla hamjanihukumu, niwaambie mimi mwenyewe niliingiaje kwenye kazi hiyo. Ujana wangu nilicheza netiboli, na Kocha Stefano, Mungu ampe pumziko jema, aliniita nije kumsaidia kuandika karatasi ya mchezo. Alikuwa mtu wa Biharamulo, mpole, mwenye kofia moja ya miaka yote. Siku yangu ya kwanza mezani niliandika vizuri hadi mapumziko. Timu zikabadilishana magoli, mimi sikubadilisha kitu, nikaendelea kuandika kwa kufuata goli. Robo nzima ya tatu pointi zetu niliwapa wageni. Tukashinda uwanjani tukafungwa kwenye karatasi, na kepteni wa wageni alisaini haraka kuliko nilivyowahi kuona mtu akisaini.

Nilidhani nitafukuzwa. Kocha Stefano alicheka mpaka kofia ikamvuka.

"Utazoea," akaniambia. "Wiki ijayo uje na kalamu mbili, za rangi mbili."

Nilikuja na kalamu mbili, nikakosea tena. Ilinichukua misimu miwili kuzoea meza ile. Hakuna aliyenihesabia mechi. Hilo nalikumbuka sasa kuliko nilivyolikumbuka wakati nilipopaswa kulikumbuka.

Kocha alinifundisha kupima mchezaji, na mafunzo yake nawapa bure. Mgeni usimtazame mikono, mtazame miguu. Mikono hudanganya, kwa sababu siku ya kwanza mtu yeyote anaweza kubahatisha. Miguu inasema kama anajua pa kusimama wakati mpira hana. Mtazame anapokosa: anayekosa akatazama jukwaani ana tatizo, anayekosa akakimbia kurudi kulinda huyo mpe muda. Wafupi wenye kudunda mpira huiva mapema. Warefu huchelewa, maana mwili wao wenyewe bado wanaujifunza. Na anayeijua sababu ya kukosa kwake ni bora kuliko asiyejua sababu ya kufunga kwake. Hili la mwisho nililiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari nikalipigia mstari, kisha sikulisoma tena.

Nilikosea mengi kabla ya kosa ninalotaka kuwasimulia. Kuna mmoja nilimbakiza msimu mzima kwa sababu ya viatu. Vilikuwa vyekundu, vipya, na alivifunga kwa namna ambayo nilisema moyoni, huyu ametoka kwenye watu wanaocheza. Kumbe alikuwa ameviazima. Mwenye viatu alikuja kuvichukua kabla ya mechi ya nne, na kijana akabaki na soksi na uwezo wake, ambao haukuwa mwingi.

Sasa niwaonyeshe uwanja, kwa sababu bila uwanja hamtanielewa. Ulikuwa uwanja wa changarawe iliyoshindiliwa, kwenye mteremko mdogo. Upande wa juu kulikuwa na goli la barabarani. Upande wa chini, penye shamba la ndizi la jirani, kulikuwa na goli la upande wa migomba. Kwa utaratibu wa benchi zetu, sisi wenyeji kipindi cha kwanza tulishambulia goli la migomba, na baada ya mapumziko la barabarani. Ilikuwa hivyo kila mechi, mwaka hadi mwaka.

Nyumbani tulikuwa hatufungiki. Timu za wageni zilicheza vizuri hadi mapumziko, kipindi cha pili zikaanza kukosa kila kitu. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mwenyekiti alisema ni mlima, kwamba watu wa Biharamulo wakipanda Ngara pumzi zinakata. Mjumbe wetu mmoja, mzee wa kanisa, alisema ni maombi ya wakati wa mapumziko, ingawa wakati huo na yeye alikuwa kwenye mbuzi. Mashabiki walisema kuna kitu kimezikwa chini ya nguzo ya goli la migomba. Mwenyekiti hakuwa amezika kitu, lakini alipenda wageni waamini hivyo, kwa hiyo kabla ya mechi aliizunguka nguzo ile mara moja, taratibu, mikono nyuma. Mimi nami nilikuwa na maelezo yangu, nimeyaandika kwa wino mwekundu: "Wageni hawana stamina."

Ugenini mambo yalikuwa mengine. Tukitoka tu Nyamiaga, kipindi cha kwanza chote mipira yetu ilipita juu ya ringi, ikagonga ubao, ikaruka kwa watazamaji. Hilo tuliliita uchovu wa safari.

Mwaka ule wa kosa langu tulipokea wachezaji wageni wawili. Wa kwanza alikuwa Deo, kijana wa Lusahunga, mtoto wa dereva, mwenye mikono ya kusukuma. Deo alirusha mpira kama anaurudisha kwa mtu aliyemkosea. Mechi ya kwanza, kipindi cha kwanza, mpira wake uliingia mara nyingi hadi Mwenyekiti akasimama, na Mwenyekiti hakuwa mtu wa kusimama. Kabla mbuzi hajaiva Deo alikuwa ameshaahidiwa chumba cha peke yake na godoro jipya. Mashabiki kwenye kundi la simu walimwita mkombozi. Kipindi cha pili hakufunga hata mara moja, ila wakati huo hakuna mwanakamati aliyekuwa anatazama, na mimi niliandika: "Amepumzishwa na ushindi."

Wa pili alikuwa Masanja.

Masanja alikuja na begi la shule na barua ya mwalimu wake. Wazazi wake walihama kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, wakakaa Kasulo, wakalima. Yeye alisoma sekondari ya bweni huko Biharamulo, na kikapu alikijulia hapo. Alikuwa mrefu, mkimya, anatazama kitu mara mbili kabla ya kukigusa. Nilipomwandikisha alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umri?"

"Ishirini. Mama, naomba nikwambie jambo moja. Baba amenipa kiangazi hiki tu. Mvua ya kwanza ikinyesha kabla sijabakizwa, narudi kushika plau. Kaka yangu ameondoka, ng'ombe hawana mtu."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nataka kucheza. Sijawahi kutaka kitu kingine."

Alilisema bila kujipendekeza, na nilimpenda pale pale. Nawaambia hivyo ili msidhani nilimwonea kwa chuki. Nilimwonea huku nampenda.

Siku iliyofuata, mapema sana, jirani mwenye migomba aliniambia kamwona yule mgeni mrefu peke yake uwanjani, anahangaika chini ya goli, kajinyoosha kwenye nguzo. Nikasema labda anafanya mazoezi ya viungo.

Mechi ya kwanza, kipindi cha kwanza, Masanja alirusha mipira sita. Yote ilikwenda sawa kabisa kwa mstari, na yote ikagonga ukingo wa mbele wa ringi ikarudi. Mkono ulikuwa mzuri. Miguu ilikuwa pale inapotakiwa. Mpira haufiki. Kila alipokosa alikimbia kurudi kulinda, kama Kocha Stefano alivyonifundisha, nami niliona, na sikuandika. Mwenyekiti alinigeukia.

"Huyu hana nguvu. Kwao hawali?"

Kipindi cha pili, mbele ya benchi na watoto na mimi, Masanja alifunga vikapu vitano, safi, bila kugusa chuma. Kamati iliporudi, vilikuwa vimekwisha. Nikaandika, na naomba mnisikilize vizuri: "Anachelewa kupata moto."

Mechi ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Kipindi cha kwanza hakuna, kipindi cha pili vikapu. Kwenye kundi la simu watu walishaanza kumtania, mmoja akaweka picha ya ng'ombe amevaa jezi. Nilikwenda kwa Mwenyekiti nikamwambia nadhani kijana anahitaji muda zaidi, warefu huchelewa. Akaniuliza kama Deo alihitaji muda. Nilirudi nyumbani nikijiona nimemtetea, wakati ukweli ni kwamba nilimtetea kwa sentensi moja tu na nikaridhika.

Mechi ya tatu ilichezwa mawingu yameshaanza kukaa juu ya Nyamiaga. Kipindi cha kwanza Masanja alikosa minne, kisha, dakika za mwisho, akafunga viwili mfululizo kwenye goli la migomba. Niliona kabadilisha kitu kwenye mkono, anarusha juu zaidi. Nikainua kalamu. Halafu filimbi ya mapumziko ikalia, kamati ikainuka, na Mwenyekiti akapita mezani kwangu akasema, "Huyo mmalizie."

Nikammalizia. Asubuhi yake mvua ilinyesha. Masanja aliagana na kila mtu, hata na mpishi, akanishukuru mimi kwa mikono miwili. Akapanda gari la Kasulo.

Msimu uliofuata tukaletewa mwamuzi mgeni, kijana mwembamba mwenye miwani, ambaye alifika saa mbili kabla ya mechi. Hakuna mtu pale aliyewahi kuona jambo hilo. Waamuzi tuliowazoea walifika nusu saa baada ya muda na kuomba soda. Huyu alikuja na fimbo ya kupimia, futi kumi, maana sheria inataka ringi iwe futi kumi kutoka ardhini. Akaisimamisha kwenye goli la barabarani: sawasawa. Akashuka kwenye goli la migomba: fimbo ikaishia chini ya ringi, ikabaki shibiri nzima ya hewa.

"Mama, shikamoo," akaniita. "Hili goli limekuwa hivi tangu lini?"

Nikatazama chini ya nguzo. Lile zege la msingi, ambalo fundi alilifukia ardhini siku ya kwanza, lilikuwa nje, limeng'aa. Wachezaji wetu walikuwa wanalikalia kila siku wakifunga kamba za viatu. Mimi mwenyewe nilishalikalia nikila embe. Mvua za miaka yote zilikuwa zimekomba udongo wa upande ule na kuupeleka kwa jirani, ambaye migomba yake ilistawi kuliko ya mtu yeyote Nyamiaga, na hilo nalo hatukuwahi kujiuliza. Goli halikupanda. Sisi ndio tulioshuka, kidogo kidogo, pamoja na uwanja wetu.

Nilikaa mezani nikafungua daftari. Kipindi cha kwanza hakuna, kipindi cha pili vikapu. Yote yalikuwa pale, kwa mwandiko wangu, rangi mbili. Wachezaji wetu wa zamani mikono yao ilishazoea kuanza na goli bovu, ndiyo maana ugenini walipitisha juu. Deo alisukuma kwa hasira yake ya asili, ikawa bahati yake. Wachezaji wageni waliorusha sawa ndio walioonekana hawafai, na nilidhani ni mmoja tu niliyembebesha begi. Si mmoja. Nilianza kuhesabu majina ya nyuma nikashindwa, nikafunga daftari. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mahali pengine popote, hata siku ile ya karatasi na kepteni wa wageni.

Nikaomba kikao. Nikaeleza. Mwenyekiti alinisikiliza hadi mwisho, hilo lazima niliseme.

"Goli halikusajiliwa juzi," akasema. "Lipo hapa miaka yote. Mchezaji ndiye mgeni. Nani amzoee mwenzake?"

Mzee wa kanisa akasema kwa upole kwamba tukilirekebisha tutakuwa tunakiri kuwa ushindi wetu wote wa nyumbani ulikuwa wa udongo. Mjumbe mwingine akauliza kama udongo huo kisheria si mali ya jirani sasa. Waliongea mpaka chai ikaisha. Mwisho kamati ikapiga kura na kupitisha mageuzi makubwa: goli libaki lilivyo, ila mgeni aongezewe mechi moja, ziwe nne. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za kikao hicho.

Jumamosi iliyofuata Mwenyekiti akiwa Lusahunga, niliwaita wachezaji na majembe. Dereva wake mmoja alituletea changarawe kwa tipa, akasema yeye hajaniona na mimi sijamwona. Tulijaza, tukashindilia, mpaka zege likafukiwa. Nilipima kwa ufito niliokata kwa kipimo cha yule mwamuzi.

Mechi ya kwanza baada ya hapo tulifungwa nyumbani. Kepteni wetu, aliyetuongoza miaka minane, alipitisha mipira juu ya ubao. Mmoja wa Deo uliingia kwenye migomba na kuangusha mkungu, jirani akadai. Mwenyekiti aliondoka hata mbuzi hajaiva, jambo lililowatisha watu kuliko matokeo. Kesho yake akatoa agizo: wachezaji wote wa zamani wawekwe kwenye mechi nne kama wageni. Watu waliokuwa wanaogeshwa kwa sifa wakawa wageni kwa siku moja, na kundi la simu likatafuta ile picha ya ng'ombe likaitumia tena.

Hapo nikaomba kupumzika. Niliagwa kwa heshima, nikapewa kitenge na hotuba. Mwenyekiti alisema kwamba katika miaka kumi na tisa sijawahi kumpotosha.

Kwenda Kasulo kulinichukua mwaka mwingine. Sitasingizia magoti. Niliogopa. Kila wiki nilisema nitakwenda baada ya mavuno, baada ya Pasaka, baada ya harusi ya fulani. Mtu aliyewapa wengine mechi tatu alijipa mwaka mzima kwa safari ya asubuhi moja.

Nilifika jua halijakolea. Boma lilikuwa na miwa mbele, ng'ombe walikuwa wameshatoka. Mzee Luhende, baba yake Masanja, alikuwa amekaa kwenye kigoda anashona kamba ya nira.

"Mwangaluka, mama," akanisalimia kwa lugha ya kwao. Kisukuma nakisikia kidogo, nikaitikia. Akaita ndani, na Masanja akatoka, amepanuka mabega, ana mtoto mkononi. Alinijua papo hapo. Akampa mkewe mtoto, akaniamkia kwa kuinama, akaniletea kiti na bakuli la maziwa.

Nyuma ya boma, kwenye ardhi iliyofagiwa, kulikuwa na gogo la mkaratusi lenye ubao na ringi ya chuma. Nilishindwa kujizuia.

"Hilo lina futi ngapi?"

"Kumi."

"Ulipima na nini?"

Akaingia ndani akatoka na kamba ya katani, nyembamba, imekolea jasho, ina fundo. Akasema aliipima kwenye goli la shuleni Biharamulo siku anamaliza, ili popote atakapokwenda ajue. Alikuwa nayo mfukoni siku ile anakaa kwenye ncha ya kiti changu.

"Kwa hiyo Nyamiaga ulipima?"

"Asubuhi ya kwanza, mama. Goli la chini lilikuwa limezidi shibiri."

Nikaweka bakuli chini. "Kwa nini hukusema, mwanangu?"

Alifikiri, kama kawaida yake. "Nilikuwa mgeni wa mechi tatu. Ningeanzaje kuiambia kamati kwamba goli lao si sawa? Wangesema najitetea. Nikaona bora nijifunze kulirushia vile vile lilivyo. Nilikuwa nimeshaanza kulipata. Nilihitaji kama mechi ya nne hivi."

Mzee Luhende, kutoka kwenye kigoda chake, aliuliza tunaongea nini. Nilikuwa nimekuja na daftari kwenye mkoba, sijui kwa nini, labda nilitaka kuomba radhi kwa ushahidi. Masanja akaliomba. Nikampa, nikiwa nimelikunjua kwenye ukurasa wake. Akasoma kimya. Pale chini, tarehe ya mechi ya tatu, niliandika: "Mechi tatu zimetosha. Huyu hataiva."

Baba yake, ambaye hasomi, akamuuliza kwa Kisukuma limeandikwa nini. Na Masanja, bila kunitazama, akamjibu kwa Kisukuma, taratibu, kwamba limeandikwa alikuwa anaendelea vizuri, ila mvua iliwahi.

Mzee aliacha kushona. Akanigeukia, akasema kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Basi kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwita mapema."

Ningeweza kunyamaza. Kijana alikuwa amenifunika, na kila mtu angebaki na heshima yake. Nililichukua daftari mkononi mwa Masanja, nikamwambia, "Hapana, mzee. Amekuonea huruma wewe, na mimi pia. Ngoja nikusomee nilichoandika mwenyewe." Nikasoma. Nikaeleza habari ya goli, zege, udongo, na yale maneno "anachelewa kupata moto."

Mzee Luhende alisikiliza akiwa ameshika sindano yake. Hakuonekana na hasira. Alionekana mtu anayetaka kuelewa hesabu.

"Mama," akasema, "na wewe kwenye hiyo kazi ya kupima watu, walikupa mechi ngapi?"

"Miaka kumi na tisa, mzee," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kidogo, akarudi kwenye kamba yake, akamwambia mwanaye aniongezee maziwa.